Masika ya Kumsikiliza Haonekani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika leo, tuone nani atachoka kwanza. Ofisini tunajaza kila kitu: joto, upepo, kina cha maji. Lakini hakuna mahali pa kujaza kwamba Bosi ananikera. Basi nitajaza humu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna barabara kuu inatakiwa kujengwa, na njia iliyo fupi kuliko zote inakata katikati ya kinamasi kilicho chini ya mji. Kabla tingatinga halijagusa tope, sheria inataka watu waende wakaulize: humu anaishi nani, na barabara itamfanya nini? Waulizaji ndio sisi. Wengine wamepewa mimea, wengine samaki. Mimi nimepewa ndege, na kwa kweli nimepewa ndege mmoja. Jina lake la kitaalamu ni refu kama treni. Sisi tunamwita Haonekani, kwa sababu haonekani. Ana rangi ya tope, hapendi kuruka, anatembea kwa miguu chini ya matete, na duniani wamebaki wachache mno. Kanuni inasema akipatikana hata mmoja, barabara haipiti. Mmoja anatosha.

Kumwona ni bahati, kumsikia ndiyo kazi. Unakwenda alfajiri au jioni, unapiga sauti yake kwenye spika ndogo, unanyamaza. Kama yupo, atadhani mwenzake kaingia kwake bila hodi, na atajibu kwa ukali. Ni ndege mwenye wivu, na mimi mshahara wangu unatoka kwenye wivu wake.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi ametugawa. Mimi ukingo wa mashariki, na ukingo wa magharibi amempa kijana mpya mwenye miwani minene, ambaye ofisi nzima imeshambatiza Miwani.

"Mpaka masika yaishe," Bosi akasema, "ni marufuku kuambiana mmesikia nini, mmekwenda lini, mmesimama wapi. Matokeo yasiambukizane."

"Kama homa?" nikauliza.

"Kama homa."

Miwani akaliandika hilo nalo. Nikamchukia papo hapo.

Jumapili, 9 Machi

Nilikuwa kwa Dada. Nyumba yake iko juu kidogo ya kinamasi, kwenye safu ya nyumba zilizobanana kama abiria. Mama alipofariki, Dada alibakiwa na vitu viwili, cherehani na mimi. Alianza na chumba kimoja, na kila nilipopanda darasa, nyumba nayo ilipanda ukuta. Sasa ina chumba cha kushonea chenye dirisha pana, maana Dada anasema cherehani bila dirisha ni kutafuta upofu.

Leo mteja alikuja kulalamika gauni linambana. Dada akalikagua mshono kwa mshono, akamrudishia. "Gauni halina kosa, mama. Ni wewe umeongezeka." Nikazamisha uso kwenye kikombe. Dada hawezi kudanganya hata kwa adabu. Utotoni nilichapwa kwa makosa mengi, lakini uongo ulikuwa na fimbo yake ya peke yake.

Shemeji ni fundi rangi na hana siku isiyo na utani. Akaniuliza kazi yangu siku hizi ni nini, nikampigia sauti ya Haonekani kwenye spika. Krii, krii, krii, halafu mguno. Akasikiliza mara mbili, akakunja midomo, akaitoa kwa mluzi.

"Shemeji, huyu wako analalamika mke kamkimbia."

"Mvi zote hizo, na mluzi ndani ya nyumba!" Dada akamfokea. Shemeji akaenda kuupigia nje ya dirisha.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimepiga, kimya.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kimya. Buti la kushoto limepasuka.

Jumanne, 18 Machi

KANIJIBU!

Naandika mbio, herufi zinalala. Alfajiri ya leo mvua ilikuwa imekatika, maji yametulia, ukungu umekaa juu ya matete. Nikapiga sauti, nikanyamaza. Nikahesabu pumzi zangu ili nisikohoe. Halafu kutoka ndani, mbali kidogo, nikasikia krii, krii, krii, na mguno wake. Nikapiga tena. Akajibu tena! Nilikaa kwenye tope nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Miaka yote hii nimemsoma kwenye vitabu, na leo kanifokea mimi, mimi binafsi, nitoke nyumbani kwake.

Ofisini nimejaza fomu kwa uso mkavu. Miwani alikuwa ananichungulia juu ya miwani yake. Naye uso wake ulikuwa unang'aa, sijui kafurahia nini. Nilikaza mdomo kama aliyemeza ndimu.

Jumanne, 1 Aprili

Ananijibu karibu kila ninapokwenda. Na anavyoimba! Hakwaruzi, hakosei, kama vile karekodiwa. Nimewahi kusikia ndege wengi wakichapia nyimbo zao wenyewe, lakini huyu ni msomi.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Nikisogea, sauti yake nayo inasogea. Mjanja huyo.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nataka kuandika polepole.

Injinia wa barabara alikuja ofisini na ramani, akaitandaza mezani, akaibana pembe kwa vikombe vyetu. Si mtu mbaya. Ana mafua na anajishikia leso muda wote. Akasema anasikia fununu kwamba ndege yupo, na kama yupo, yeye hana ugomvi na ndege, ataipeleka barabara kwa juu. Akaburuta kidole. Kidole kikapanda kutoka kwenye kinamasi, kikazunguka, kikapita juu ya vijisanduku vidogo vyeusi.

"Hapa kuna makazi machache tu," akasema. "Watafidiwa, watahama."

Nikavitazama vile vijisanduku. Kimoja kilikuwa na kipande kimejitokeza ubavuni, chumba kilichoongezwa baadaye, upande wenye mwanga.

Walipotoka nilimfuata Bosi, nikafunga mlango nyuma yetu. "Nyumba mojawapo ni ya dada yangu. Aliyenilea. Nitoe kwenye kazi hii."

Bosi alivua saa yake, akaivaa tena. Nilidhani atakasirika, kumbe aliogopa. Akasema nimefanya vizuri kusema, ataliandika, lakini hana mtu mwingine anayeijua sauti ile, na masika hayasubiri. "Wewe endelea kusikiliza tu. Masikio hayana undugu."

Hayana? Ya kwangu yananiuma tangu saa hiyo.

Jumapili, 13 Aprili

Nimewaambia. Nilidhani Dada atalia au atanifukuza. Alikuwa anapinda upindo wa shuka, akaumaliza kwanza.

"Kwa hiyo ndege akiwepo, sisi tunatoka."

"Ndiyo."

"Na asipokuwepo?"

"Barabara inapita kwenye maji. Anakufa yeye, na vingi vinavyoishi na yeye. Na maji yale hatujui yatakwenda wapi."

"Na wewe umemsikia."

"Nimemsikia."

Akaingiza uzi kwenye sindano mara ya kwanza, bila kukosea. "Basi," akasema. Sikujua basi ya nini. Wapimaji walikuwa wameshapigilia kigingi chekundu uani. Dada amekifungia kamba ya kuanikia nguo.

Shemeji alinisindikiza mpaka njiani. Akapiga mluzi wa ndege, halafu akaacha katikati.

Alhamisi, 17 Aprili

Kanijibu. Sikucheka.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimepiga, kimya. Nikafurahi. Halafu nikajionea aibu kwamba nimefurahi. Halafu nikakasirika kwamba nimeona aibu. Mtu gani mimi?

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya hovyo. Nimefika ukingoni, nimebonyeza spika, hakuna. Kinasa sauti nacho hakuna. Vyote vinakula betri za aina moja na zote zilikuwa zimekufa kwa unyevu. Kurudi ni mbali na mvua ilikuwa inaanza, nikasema ngoja nikae tu.

Nikakaa. Nilikuwa nawaza nyumba. Ndipo sauti ikatoka, karibu kabisa, kwenye matete yaliyoinamia maji. Lakini sauti gani hiyo! Krii ya kwanza imekwaruza, ya pili imekatika, mguno umekuwa mrefu kama wa mzee anayeinuka kitini. Mara moja tu. Nikajaza kwenye fomu: imesikika, sauti duni, labda ana mafua kama Injinia.

Nilipita kwa Dada kukausha nguo. Shemeji naye alijitokeza, akaketi. Nikawasimulia kuhusu ndege mwenye mafua, alivyokwaruza na kukatika. Shemeji akaanza mluzi wake, na Dada akamwambia kama ana nguvu za mluzi basi ana nguvu za kwenda dukani.

Jumanne, 6 Mei

Sijui nicheke au nijitupe kisimani.

Alfajiri nilipiga, akajibu. Nikachoka. Nikasema leo nakwenda kumwona huyu mtu uso kwa uso, huyu anayetaka kumtoa dada yangu nyumbani kwake. Nikaingia kwenye matete, maji magotini, halafu kiunoni. Napiga, anajibu. Nasogea, anajibu, na sasa yuko karibu. Nikashika matete kwa mikono miwili, nikayafungua.

Nikakutana na Miwani.

Alikuwa amelowa mpaka kifuani, miwani imejaa ukungu, spika ameinyanyua juu ya kichwa kama mtoto wa kubatizwa. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye nyumba moja.

"Wewe unafanya nini huku?" nikamuuliza.

"Namfuata Haonekani. Ananijibu tangu mwezi wa tatu."

Nikabonyeza spika yangu. Krii, krii, krii, na mguno. Miwani akabonyeza yake. Krii, krii, krii, na mguno. Sauti ile ile, kutoka kwenye faili lile lile alilotugawia Bosi. Kinamasi ni kipana, lakini asubuhi tulivu maji yanabeba sauti kama sinia. Mimi nilidhani yeye anakwenda jioni. Yeye alidhani mimi nakwenda jioni. Na tusingeweza kuulizana, maana matokeo yasiambukizane.

Masika mazima tulikuwa tunafokeana sisi wawili, kila mmoja anamwambia mwenzake atoke nyumbani kwake.

Miwani alianza kucheka kwanza. Sikujua kama anajua kucheka. Nikacheka mpaka nikameza maji. Halafu katikati ya kicheko nikaiona nyumba ya Dada imesimama, na dirisha lake, na nikalia. Akanikokota hadi nchi kavu.

Jumatano, 7 Mei

Bosi alitusikiliza akiwa amesimama. Alipoelewa, alikaa. Alikaa vibaya, pembeni mwa kiti, karibu aanguke. Utaratibu ule ulikuwa fahari yake. Nimewahi kumwona kama ukuta, leo nimeona mtu mwenye shingo nyembamba anayeogopa kuchekwa.

"Futeni zote," akasema.

Miwani akatoa tarehe zake, mimi zangu, tukazilinganisha. Siku ambayo mimi nilisikia, naye alikuwepo anapiga. Siku alizosikia yeye, mimi nilikuwepo. Futa, futa, futa. Kila tukifuta, moyo wangu unapata pumzi. Tukafika tarehe ishirini na nne Aprili.

"Wiki hiyo sikutoka," akasema Miwani. "Nilikuwa na homa. Spika ilikuwa chini ya kitanda changu."

"Una uhakika?"

"Mama alikuja kunipikia uji. Muulize."

Bosi akauliza na spika yangu je. Nikasema ilikuwa imekufa. Akauliza kama nilinasa sauti. Nikasema kinasa nacho kilikuwa kimekufa. Akauliza kama nilimwona.

"Kuna anayemwona?" nikamjibu vibaya.

Akajishika paji la uso. "Mvua zinaisha, baada ya wiki chache hatalia tena hata kama yupo. Endeni mkasikilize bila spika. Msipopata kitu, imebaki hiyo moja. Na hiyo moja iko kwenye masikio yako wewe. Ukisema ulimsikia, nitaandika yupo. Ukisema huna hakika, nitaandika hayupo. Siwezi kukusaidia zaidi ya hapo."

Yaani masika mazima tulikuwa na ndege kila asubuhi na hakuwepo. Na yule niliyemwita mgonjwa, niliyemjazia fomu kwa dharau, huenda ndiye mwenyewe. Ndege wa kweli hakosi kukwaruza. Aliyenidanganya ni yule msomi. Au sivyo? Labda alikuwa ndege mwingine kabisa. Labda lilikuwa tumbo langu.

Jumapili, 11 Mei

Niliwasimulia Dada na Shemeji. Kwenye kisa cha Miwani na spika Shemeji alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Nilipofika kwenye ile asubuhi moja iliyobaki, hakucheka tena. Akauliza, "Ile ya ndege mwenye mafua? Siku uliyokuja umelowa?" Nikamwambia ndiyo hiyo.

Nilipoaga, Dada akasema, "Kazi yako ni kazi yako. Ifanye."

Alhamisi, 15 Mei

Tunakwenda pamoja sasa, mimi na Miwani, mikono mitupu. Kimya. Tunasikia kila kitu isipokuwa yeye. Kinamasi chote kinazungumza kwa wakati mmoja, vyura na ndege wa kila namna, na vitu vinavyodondoka majini ambavyo hata Miwani hajui ni nini. Masika yote sikuwa navisikia. Nilikuwa na masikio ya sauti moja tu.

"Nyumba inahamishika," Miwani akaniambia, taratibu, bila kunitazama. "Yeye hana pa kuhamia."

"Nyumba ya nani inahamishika? Ya kwenu?"

Akaomba radhi. Nikamgawia kipande cha mkate wangu, kwa sababu alichosema ni kweli na ndiyo maana kimeniuma.

Jumanne, 20 Mei

Kimya. Jua limetoka.

Ijumaa, 23 Mei

Shemeji alikuja ofisini. Hajawahi kuja. Alikuwa amevaa shati la kwendea msibani, kucha bado zina rangi ya kijani ya geti la mtu. Akakataa kukaa.

"Shemeji, nina neno. Usinikasirikie."

"Sema."

"Ile asubuhi. Ilikuwa mimi."

Sikuelewa. Akaeleza huku anatazama viatu vyake: aliamka mapema kwenda kutazama mtaro kama umeziba, akashuka mpaka karibu na matete, akaniona nimekaa nimejikunyata kama kuku, akasema ngoja nimtanie. Akapiga mluzi mara moja, akajificha, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Aliposikia naandika mafua, akaona haya kusema.

"Mbona hukusema Jumapili ile?"

"Niliona haya."

"Wewe? Wewe unaona haya?"

"Hata mimi, Shemeji."

Nikamwambia apige. Palepale kwenye korido, watu wanapita na mafaili. Akakunja midomo. Krii ya kwanza ikakwaruza. Ya pili ikakatika. Mguno ukawa mrefu. Mhudumu wa mapokezi akasimama kuona kuna nini.

"Ndiyo hiyo?" Shemeji akaniuliza. Na macho yake yalikuwa yananiomba. Yananiomba nini? Msamaha? Au yananiomba niseme ndiyo?

"Sijui," nikasema.

"Basi andika hivyo. Andika hujui." Akanishika bega, akaondoka haraka, na shati lile la msibani limelowa jasho mgongoni.

Jumatatu, 26 Mei

Sijalala vizuri. Kila nikijaribu kuikumbuka sauti ya asubuhi ile, naisikia ya Shemeji. Ameifunika. Kabla ya Ijumaa nilikuwa nayo kichwani, imekaa peke yake, na sasa zimekuwa mbili na zinafanana kama mapacha. Je, alikwaruza kwa sababu ndivyo alivyokwaruza siku ile, au kwa sababu mimi mwenyewe niliwasimulia, mezani kwao, kwamba ilikwaruza na kukatika?

Kama ni kweli, amenikomboa. Kama ni uongo, basi yule mtu niliyemchukulia kuwa mchekeshaji wa familia, ambaye kwa miaka yote hii nimekuwa nikimcheka bila kumtazama, amevaa shati lake jema, akaja kujidhalilisha mbele ya ofisi nzima ili mke wake asing'olewe dirisha lake. Kwa vyovyote vile nampenda. Ndiyo tabu yenyewe.

Ripoti inatakiwa wiki ijayo.

Jumatano, 28 Mei

Nimeandika "hayupo". Nimefuta. Nimeandika "yupo". Nimefuta. Bosi kapita, kaona ukurasa mtupu, kaenda zake.

Jumapili, 1 Juni

Nilimkuta Dada peke yake, Shemeji ametoka kupaka geti. Alikuwa anakata kitambaa juu ya meza kubwa, chaki sikioni. Mwanga umejaa chumba kizima. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitashindwa.

"Dada, ile asubuhi niliyokuja nimelowa, Shemeji alikuwa wapi?"

Mkasi ukaendelea mpaka mwisho wa kitambaa. Akauweka chini. Akatoa chaki sikioni, akaiweka chini nayo. Nikasikia maji yanachuruzika kwenye mtaro nje. Nikataka kumwambia aache, asijibu, nimeghairi, lakini akaniwahi.

"Alikuwa amelala," akasema. "Wewe ulipobisha hodi ndipo nilipomwamsha. Nilimwambia amka, mtoto kaja kalowa chapachapa, mpishe kiti cha jikoni."

"Una hakika?"

"Usinitukane."

Nikajishika kwenye cherehani. Sikujua kama ninachokihisi ni furaha au msiba. Nilimsikia. Kumbe nilimsikia kweli.

Dada alikuwa ananitazama, na sijawahi kumwona na hasira ya namna ile, hasira isiyopiga kelele.

"Kwa nini umeniuliza mimi? Mwenzangu alikuja mpaka ofisini kwako akajifanya mjinga mbele za watu. Hakuniaga, nimekuja kujua baadaye, shati limelowa, na mteja wangu kamwona kwenye korido anapiga mluzi. Sikumuuliza. Umenisikia? Sikumuuliza alikuambia nini, ili nisijue. Ungemwamini tu, ukaenda zako ukaandika unachoandika, na mimi ningelala ndani ya nyumba yangu na dhambi isingekuwa ya mtu yeyote. Umeacha watu wote duniani, ukaja kuniuliza mimi. Na unanijua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," nikasema.

"Najua ndiyo maana umekuja kwangu! Toka. Toka, mdogo wangu, kabla sijakuchapa na ukubwa wako."

Nikatoka. Nilipofika kwenye kigingi nikageuka. Alikuwa amesimama dirishani ameshika kitambaa, hanifukuzi wala haniiti.

Jumanne, 3 Juni

Nimeandika: yupo. Amesikika mara moja, kwa karibu, na msikilizaji mmoja, bila spika, na mluzi wa mtu umechunguzwa ukaondolewa kwa ushahidi wa nyumbani. Bosi alisoma sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. "Ushahidi wa nyumba gani?" akauliza. Nikamwonyesha kwenye ramani. Akatia sahihi yake chini ya yangu, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, akainuka akanifungulia mlango.

Nimempigia Dada. Hapokei. Shemeji amepokea, akasema, "Shemeji, hujui kupokea zawadi wewe," na nilisikia anajaribu kucheka.

Jumatano, 4 Juni

Jua kali siku nzima. Barabarani vumbi limeanza.

Jioni simu ikalia, ni Dada. Hakunisalimia. Aliuliza chumba changu cha mbele kina upana gani, na dirisha linatazama wapi, na kama meza yangu inaweza kutolewa nje ili meza ya kukatia iingie. Nikamtajia upana. Nikamwambia dirisha linapata jua la asubuhi. Nikamwambia meza nitaitoa hata sasa hivi. Akasema, "Sawa," akakata.

Sijui kama huo ni msamaha, au ni hasira yake ndiyo imefungasha mizigo inakuja kuishi na mimi. Nimekaa na simu mkononi, sijui nicheke au nilie. Halafu nimechukua futi, nimeupima ule ukuta upya, pembe hadi pembe, nisije nikawa nimemdanganya.